Tule Wapi Sote Wanne?

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimekaa na jambo hili rohoni mpaka limeanza kuniondolea hamu ya kula, na cha kuchekesha ni kwamba jambo lenyewe ni la chakula, kwa hiyo usinicheke, nisikilize kwanza. Mimi ni fundi wa kushona mapazia, nina mume na watoto, na nina marafiki watatu, wanawake wenzangu, ambao zamani tulikuwa wapangaji wa nyumba moja, tukipika jiko moja na kugombania kamba moja ya kuanikia nguo, na tulipohama kila mtu akaenda kwake tuliahidiana kwamba kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tutakula pamoja, na hatujawahi kuacha hata tulipokuwa na watoto wachanga. Mmoja ni mwalimu wa shule ya msingi, wa pili ni msusi, na wa tatu ana duka la vifaa vya ujenzi, tunamwita Bosi kwa sababu hata salamu anaitoa kama amri. Kuchagua mahali pa kula ni kazi yangu tangu mwanzo, kwa kuwa mimi ndiye nisiyegombana na mtu, na miaka yote tumekuwa tukienda mgahawa ule ule ulio nyuma ya soko, wenye viti vya plastiki, ambao wanakujazia sahani ya wali au chipsi mpaka unaomba msaada, na bei yake haimuumizi mtu.

Sasa Shangazi, mwezi uliopita Mwalimu alikuja karakanani kwangu, nikadhani amekuja kufuata mapazia ya ofisi ya walimu, kumbe ametoka hospitali. Akakaa juu ya marobota ya kitambaa akaniambia ana kisukari, na daktari amemwambia apunguze wanga, yaani wali, mkate, viazi, soda na vyote tunavyovipenda. Mama yake mzazi ugonjwa huo huo ulimchukua jicho moja, kwa hiyo hakuwa akinieleza habari za kupungua mwili, alikuwa akinieleza hofu. Kisha akanishika mkono akasema, "Wenzetu usiwaambie. Sitaki kuhurumiwa mezani." Nikakubali.

Jumamosi iliyofuata tukaenda kule kule, maana ningesema nini? Mwalimu akawa anachezea chakula, anakula kipande cha samaki, wali anausogeza pembeni, mwishowe akamhamishia Bosi kwenye sahani yake. Bosi akacheka akasema siku hizi Mwalimu anatafuta kiuno cha msichana, na kama amepata mchumba shuleni atuambie tumchangie. Sote tukacheka, na mimi nikacheka, Shangazi, mimi niliyekuwa najua. Mwalimu naye akacheka, akaagiza chipsi na soda, akala akamaliza ili yaishe. Kesho yake hakuweza kuinuka kitandani. Alinipigia simu kwa sauti ndogo akasema, "Mwezi ujao msinihesabu."

Neno hilo liliniuma kuliko kama angenitukana. Nikasema haiwezekani, tutahama mgahawa. Nikauliza huku na kule, nikapata mahali pazuri barabara ya juu, nyama ya kuchoma, samaki mzima, saladi za kila aina, wali ukiutaka unauomba, na leso za mezani ni za kitambaa. Nikaandika kwenye kundi letu la simu kwamba mwezi huu tubadilishe hewa. Bosi akafurahi, akasema kumbe siku hizi nimekua. Mwalimu akanitumia ujumbe pembeni kwamba atakuja. Nikajiona nimefanya la maana.

Siku mbili hazikupita, Msusi akaja nyumbani. Akanywa chai, halafu akasema saluni amefunga, mwenye nyumba alipandisha kodi akashindwa, sasa anasuka watu sebuleni kwake, siku nyingine wanakuja na siku nyingine hawaji. Alikuwa amesoma bei za ule mgahawa akaona sahani moja ni mboga ya wanawe ya siku kadhaa. Akaniambia atasingizia kuuguliwa, na mimi nisimuumbue kwa wenzetu. Kwa haraka nikamwambia, "Usiwe na wasiwasi, nitakulipia." Akaweka kikombe chini taratibu. "Mimi siji kulishwa," akasema, akajifunga mtandio wake akaondoka.

Basi ndipo nilipo. Nikirudi mgahawa wa zamani namfukuza Mwalimu, nikienda ule mpya namfukuza Msusi, siri zote mbili ziko tumboni mwangu na hakuna hata mmoja anayejua ya mwenzake, na Bosi kila asubuhi anauliza avae nini. Mume wangu anasema kila mtu ale kwake. Jambo la aibu zaidi, na sijamwambia mtu, ni kwamba jana nilipokuwa nakata kitambaa nilijikuta nimemkasirikia Mwalimu kwa kuugua. Nafikiria kusema nina homa, Jumamosi ipite, na pengine mazoea haya yafe tu yenyewe. Nisaidie.

Fundi wa mapazia

*

Fundi, marahaba.

Kwanza kaa chini. Hasira uliyoisikia si ya kumchukia rafiki yako, ni ya mtu aliyechoka kubeba mizigo ya wengine peke yake. Isikutishe. Ila mengine nitakusema.

Miaka yote hiyo umekula kwenye mgahawa mmoja, na hujawahi kumuuliza mpishi swali. Umeruka kutoka viti vya plastiki hadi leso za kitambaa kana kwamba katikati hakuna kitu. Mgahawa unaopika samaki, mayai na mboga za majani una chakula cha Mwalimu, ila kimezikwa chini ya wali. Nenda siku ya kazi, asubuhi, kabla wateja hawajajaa. Mwambie mpishi unataka sahani moja isiyo na wali wala chipsi, mahali pake aweke mboga za kutosha na yai au kipande kingine cha samaki. Uliza kama mchuzi wameuongezea unga au sukari. Uliza na bei siku hiyo hiyo, si wakati wa kunawa mikono. Wakikataa, jaribu jirani yao. Wauzaji chakula hawapendi kupoteza meza ya watu wanne.

Kabla ya hapo mpigie Mwalimu. Usimpangie chakula kama mtoto, muulize kliniki wamemwambia ale nini na kiasi gani. Kama anatumia dawa, asikate wanga kwa kujipimia mwenyewe, maana sukari ikishuka ghafla nayo ni hatari. Halafu mwambie ukweli: kukaa kimya kulimfanya ale chipsi. Kusema au kutosema ni juu yake, lakini ajue kwamba anailinda siri yake kwa mwili wake.

Kwa Msusi ulikosea. Mtu aliyepoteza kiti chake cha kazi humpi sahani ya bure kabla hujampa pole. Nenda kamwombe radhi, mwambie mmerudi kwenu nyuma ya soko, kila mtu analipa chake, basi. Habari za Mwalimu usizitumie kumfariji.

Na Bosi umemwachia mno. Mwambie utani juu ya sahani ya mtu mwingine uishe. Akiuliza kwa nini, mwambie kwa sababu wewe umesema. Miaka mingi ya kutogombana na mtu inakutosha kugombana mara moja.

Homa ya uongo iache. Ukiisema leo, mwezi ujao utaugua tena, na mwaka ujao mtakuwa mnaonana misibani. Jumamosi fika wa kwanza, shika meza.

Shangazi

*

Shangazi,

Nakuandikia kwa kifupi kwa sababu nina mapazia ya hoteli nzima.

Nilienda. Mpishi alinisikiliza huku anamenya vitunguu, akasema inawezekana, bei ile ile, kisha akaniuliza mbona muda wote tulikuwa hatusemi. Msusi alinipokea mlangoni, hakunikaribisha ndani mara moja, lakini alikuja Jumamosi. Tulikuwa sote wanne. Bosi alinung'unikia viti.

Nilikuwa nimemwonya kuhusu utani, ila chakula kilipoletwa na yeye akaona sahani ya Mwalimu imejaa majani na mayai, mdomo ulimponyoka, akaanza, "Mwalimu bado..." Kabla sijasema kitu, Mwalimu akaweka uma chini.

"Nina kisukari," akasema. "Na wali naupenda kuliko nyinyi wote."

Kisha Msusi, akitazama meza, akasema kama ni siku ya kusema basi na yeye saluni hana tena. Alisema kwa maneno machache, bila kulia.

Bosi alitutazama mmoja mmoja. Akauliza nani alikuwa anajua. Niliinua mkono kama mwanafunzi. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu sauti yake ilitoka bila amri. "Kwani mimi ni mtu wa kuogopwa hivyo?"

"Kidogo," Mwalimu akajibu.

Tulicheka mpaka mhudumu akaja kuuliza kama tunahitaji kitu. Hakuna aliyemhurumia mwenzake pale mezani, Shangazi, tulikula tu. Wiki iliyofuata Bosi na mabinti zake wawili walikwenda sebuleni kwa Msusi, wakasukwa wote watatu. Alilipa kama mteja yeyote, na akaondoka akilalamika kwamba amebanwa kichwa.