Aliyeanguka Ni Mimi

14 Februari

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo huko? Jicho lako je, bado linakutoa machozi wakati wa vumbi? Sisi sote wazima, ila kwangu mambo yamekwenda mrama. Duka nililokuwa nikiuzia limefungwa. Mume wangu anasema nipumzike kidogo. Nipumzike vipi, na watoto wanakula kila siku?

Nataka kupika sabuni. Usicheke. Najua umehangaika nayo miaka, na najua mtaani wanakuita Bwana Povu. Ndiyo maana nakuuliza wewe. Niandikie ulipokosea, pote, hata pale pa aibu. Waliofanikiwa nimeshawauliza, nao wananiambia tu nimwombe Mungu na nijitume.

Mdogo wako

2 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima. Jicho lile sasa ni pambo tu, halinisumbui. Nisalimie wote, hasa shemeji.

Umeniuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza. Wengine huniuliza nitaacha lini. Basi kaa nikueleze.

Mara ya kwanza niliponzwa na haraka. Niliikata sabuni na kuiuza ikiwa bado mbichi, wakati ilitakiwa ikae rafuni mwezi mzima. Ikawachubua watu mikono. Jirani yangu mwalimu alikirudisha kipande chake, akakiweka mezani, akaondoka. Heri angenitukana.

Mara ya pili ndiyo ya jicho. Ile kostiki, dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, hutiwa ndani ya maji, polepole. Mimi siku hiyo nilijiona fundi, nikamimina maji juu ya kostiki. Ikachemka na kunirukia usoni. Nisikilize vizuri: kostiki ndani ya maji, usije ukageuza hata siku moja.

Mara ya tatu ilitoka safi, watu wakaisifu. Na mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nikaacha mafuta mazuri, nikanunua ya rahisi yaliyolala dukani. Baada ya wiki chache sabuni ikatoka madoa na kunuka kama kikaango cha jana. Wateja wakanikimbia. Mama watoto naye akafunga virago, akaenda na wanangu kwa wazazi wake. Mawili aliyavumilia, la tatu likamshinda, na simlaumu.

Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Naanza tena. Baba mkwe amesema hataki kusikia neno sabuni mpaka aone duka linalonunua kwangu kila mwezi. Nikilipata hilo duka, nakwenda kuwachukua wanangu.

Kaka yako

20 Juni

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo, na pole na kazi. Huku afya tunayo.

Imekubali! Nimefuata barua yako neno kwa neno, nimeibandika ukutani karibu na sufuria. Sabuni imetoka nyeupe, ngumu, haichubui. Shoga zangu wananiuliza nimesomea wapi. Nimeshaajiri kina mama wa kufungasha sabuni. Mungu akuzidishie, kaka, sitakusahau.

Mdogo wako

5 Novemba

Mdogo wangu,

Natumaini hamjambo. Mimi siumwi popote, ila hii ni sijambo ya mdomoni tu. Barua mbili nimekuandikia hukujibu, nikasema labda kazi zimekuzidi. Kumbe una muda wa redio.

Nilikuwa kwa kinyozi, povu limenijaa kidevuni, nikasikia sauti yako. Nikafurahi, nikamwambia kinyozi aongeze sauti. Ukaeleza ulivyouza sabuni mbichi ikawachubua watu. Ukaeleza kostiki ilivyokurukia, nusura upofuke. Ukaeleza mafuta mabaya, na mumeo kukukimbia. Shemeji yangu amekimbia lini? Si ndiye anayekupelekea barua posta?

Kinyozi akaniambia, "Msikilize mwenzako, Bwana Povu. Yamempata yale yale yaliyokupata wewe, ila yeye hakukata tamaa." Nikatoka nimenyolewa upande mmoja.

Hilo ningelimeza. Lakini wiki iliyofuata nilikuwa na miadi na mwenye duka la jumla. Sabuni yangu aliinusa, akaioshea mikono, akaipenda. Akataka kujua nilikotoka na kazi hii. Nikamweleza. Akanitazama, uso ukambadilika. "Mzee, hiyo si habari ya yule mama wa redioni? Mtu mzima unaiba hata shida za wenzako?" Akanirudishia kipande changu, wateja wakinitazama.

Mdogo wangu, nimeitwa mwizi wa jicho langu mwenyewe. Rudi kwenye redio hiyo, useme kwa mdomo ule ule kwamba yule aliyeanguka ni mimi. Sikuombi kingine.

Kaka yako

1 Desemba

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Sijui hata kama utaipokea shikamoo yangu. Huku hatujambo kwa miili.

Mtangazaji aliniuliza, "Wewe ulianguka wapi?" Nikatafuta, sina. Ningesema nini? Kwamba nilisoma barua, nikapika, ikauzika? Nani atampigia makofi mtu wa hivyo? Nilianza na ile ya kwanza tu, nikijua nitakutaja. Kisha nikaona mtangazaji anavyoniangalia, machozi yanamlengalenga. Nikaendelea. Nikikutaja wewe, kaka, mimi nabaki na nini?

Sasa maduka yananunua kwa sababu ya habari ile. Nikirudi kukanusha, wataniita mwongo, na hawa kina mama watarudi nyumbani mikono mitupu. Siwezi. Nimelia sana, lakini siwezi.

Njoo huku uwe msimamizi wangu. Chumba kipo. Hutahangaika tena.

Mdogo wako

18 Januari

Salamu kwako na kwa nyumba yako. Mimi mzima.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Ungeniibia pesa ningetafuta nyingine. Nina hasira na wewe, na kwako siji.

Wiki iliyopita nilirudi kwa mwenye duka la jumla. Nilivaa shati langu la harusi. Kabla hajanifukuza nikamwambia nilimdanganya siku ile. Nikamwambia kazi hii nimefundishwa na dada yangu, yule wa redioni, na jicho hili niliumia utotoni nikicheza. Akacheka, akanipiga bega. "Sasa si ungesema mapema, mzee!" Ameagiza katoni za kuanzia, na atachukua kila mwezi. Karatasi yake nimempelekea baba mkwe, naye ameridhika.

Wanangu wamerudi Jumamosi. Yule mkubwa alikuwa amesikia redio kule kwa babu yake. Aliniuliza kwa nini mimi sikuwa na moyo kama wa shangazi, tangu mwanzo. Nikamwambia kila mtu na siku yake ya kujifunza, akanawe mikono tule.

Usiniandikie tena. Nilichokuwa nacho cha kukuambia, chote unacho.

Mwanafunzi wako