Nimegusa Swichi Kabla ya Arobaini

Baba Zuhura,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia. Ungesema miaka sita ya kufanya kazi na wewe chumba kimoja imepotea bure.

Tulikuzika Chiwata Jumanne ile. Watu walijaa. Hata wale madaktari uliokuwa ukiwagombeza kwa kuchomoa nyaya ovyo walishuka kutoka Newala, wakashika majembe. Mimi nilikaa na akina mama nikalia kama mtoto, mtu mzima mimi mwenye kijana wa sekondari.

Niliporudi hospitalini nilikuta koti lako limetundikwa nyuma ya mlango. Sikuliondoa. Nikaweka nadhiri kwamba mpaka arobaini yako ipite, hakuna kitu ulichokipanga wewe kitakachoguswa na mkono wangu. Niliona hiyo ndiyo heshima. Na hiyo nadhiri ndiyo imenifanya nikuandikie, maana kuna jambo nataka ulisikie kwangu mwenyewe.

Unakumbuka siku uliyonitoa mapokezi? Uliponiambia niitazame swichi, nikaanza kutafuta ukutani ile ya kuwashia taa. Ulicheka mpaka ukatafuta kiti. Kisha ukanionyesha lile boksi la chuma na poti zake ishirini na nne, yaani matundu ya kuchomekea nyaya, ukanieleza kwamba kila waya unapeleka mazungumzo na umeme kwa pamoja, na kwamba simu za wodini hazina chakula kingine. Kila asubuhi kabla ya chai tukawa tunafungua kompyuta, tunaangalia kila poti inakula wati ngapi na jumla zimebaki ngapi. Mara nyingine nilichoka nikataka turuke siku moja. Wewe hukukubali.

"Mama Salum," ukasema, "swichi ikizidiwa haipigi yowe. Inamnyima mmoja, halafu inanyamaza."

Tatizo, na nisamehe kulisema, uliipanga kwa adabu zako za kwenu. Mganga mkuu poti ya kwanza, katibu ya pili, mhasibu, matroni, hivyo hivyo kwa vyeo kama watu wanavyoketishwa kwenye karamu. Wodi ya wazazi ilijengwa mwisho, ikapata poti ya mwisho. Na umeme usipotosha, swichi inaanza kukata kutoka mwisho. Enzi zako umeme ulitosha, kwa hiyo hakuna aliyelala njaa.

Wiki mbili baada ya wewe kuondoka zililetwa kamera nne, zikafungwa nje, getini na kwenye duka la dawa, na waliozileta wakazichomeka kwenye poti nne za swichi yetu zilizokuwa wazi katikati. Kesho yake asubuhi nikaangalia kama ulivyonizoesha. Zimebaki wati tisa. Niliona, Baba Zuhura, sitaki kukudanganya. Niliona, na nilijua wa kukatwa ni nani. Kubadilisha mpangilio ilikuwa kazi ya dakika kumi. Nikajisemea wati tisa si haba, arobaini haiko mbali, tutapanga ikipita. Nikafunga kompyuta nikaenda kunywa chai.

Siku ya thelathini na moja mvua ilishuka, na ule ukungu wetu ukapanda kutoka bondeni ukafunika kila kitu. Saa nane mchana, giza. Kamera zikadhani usiku umeingia, zikawasha taa zote nne kwa mpigo, zikazimaliza zile wati tisa. Mimi nilikuwa maabara nahangaika na printa, sina habari. Wodini kulikuwa na mama mmoja wa Mnyambe, ametoka kujifungua, damu haikatiki. Muuguzi wa zamu, Sista Rehema, akainua simu amwite daktari. Simu imekufa. Ya kwake ya mkononi haina chaji. Akatoka mbio kwenye mvua, viatu akaviacha mlangoni, akavuka uwanja mzima mpaka chumba cha upasuaji. Nilimwona akipita dirishani. Hakuna aliyeniambia kitu, lakini nilijua.

Mama yule alipona, na mtoto pia. Nataka ujue hakuponywa na mimi. Aliponywa na miguu ya Rehema.

Jioni ile ile nilikaa kwenye kiti chako. Nikahamisha waya mmoja mmoja huku nikikuomba radhi kwa sauti, mfagizi akadhani nimechanganyikiwa. Wodi ya wazazi nikaipa poti ya kwanza. Chumba cha upasuaji ya pili, maabara ya tatu. Kamera nikazipeleka mwisho kabisa, na mganga mkuu yuko juu yazo kidogo tu. Nilipokwenda kumweleza alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa nini haikuwa hivyo tangu mwanzo. Nikasema hatukuwaza. Sikutaka jina lako litajwe mle ofisini.

Jumamosi nikateremka Chiwata kwa mkeo. Yuko kwenye eda, amepungua, lakini anakula. Nilikaa naye mkekani nikamwambia yote, pamoja na ile nadhiri, nikingoja anifukuze.

"Arobaini ni ya kumwombea yeye," akasema, "si ya kuwafunga mikono mliobaki."

Halafu akaniambia jambo ambalo hukuwahi kuniambia. Kwamba ulikuwa ukirudi nyumbani unalalamika wodi ya wazazi umeiweka pabaya, unataka kuihamisha, ila unaona haya kumshusha mkubwa.

Kumbe ulijua! Nilicheka na kulia mara moja, Baba Zuhura, na mkeo naye akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Siku zote hizo nilidhani nalinda kazi yako, kumbe nalinda haya yako. Na mimi nikaongeza yangu juu yake, na mwanamke wa watu nusura afe katikati ya haya zetu mbili.

Sikukasirikii. Nimekukumbuka tu, zaidi ya nilivyodhani mtu anaweza kumkumbuka fundi mwenzake. Asubuhi naangalia wati peke yangu, nazisoma kwa sauti, na hakuna wa kunijibu.

Pumzika, mwalimu wangu. Nakuahidi hivi: siku nikiona kosa lako jingine, nitalisahihisha siku hiyo hiyo, mchana kweupe, na nitaendelea kukupenda.

Mama Salum