Dumu la Bluu

Ngonga, Kyela
14 Mei 2024

Mama mpendwa,

Bwana asifiwe. Natumaini umeamka salama hapo Ikolo, goti limepunguza maumivu, na migomba haikuangushwa na upepo wa juzi. Sisi tupo. Mpunga umeiva na ndege wanatusumbua. Ndaga fijo kwa ndizi ulizotuma.

Utashangaa nimeandika wakati simu ipo. Kwenye simu, mama yangu, hunipi nafasi. Nikifika nusu ya neno, wewe umeshamaliza. Barua huwezi kuikatiza.

Wiki mbili zilizopita, nilipokwambia daktari amekuta tundu kwenye moyo wa mwanangu Andongwisye, ulisema ugonjwa huo umetoka ukoo wa akina Lusungu, na kwamba afadhali arudi kwao. Mke wangu Lusungu alikuwa kando yangu, akakusikia. Alifunga kanga zake, akambeba mtoto, akaondoka. Mimi nilimsindikiza mpaka barabarani, kama ninayemsindikiza mgeni. Naona aibu hata kuliandika.

Kuna jambo sikukueleza. Daktari alituuliza tunalima nini, tunapuliza dawa gani, na maji ya kunywa tunayaweka wapi. Alisema moyo wa mtoto hujengeka wiki za mwanzo kabisa, mara nyingi mama mwenyewe hajajua kama ana mimba, na kwamba baadhi ya dawa za shambani zinashukiwa kuuharibu. Hakusema ndicho kilichotupata. Alisema watoto wengi huzaliwa hivyo na chanzo hakijulikani.

Kuhusu maji, nilimjibu kwamba tunatumia ndoo. Nilidanganya, Mama. Tulikuwa tunayaweka kwenye dumu la bluu lililokuwa na dawa ya magugu. Ni mimi niliyelisugua kwa majivu na mchanga, nikalisuuza kwa maji ya moto, nikampelekea Lusungu huku nikijisifu kwamba nimempatia chombo kigumu. Alipolalamika kwamba maji yananuka, nilimwambia anadeka. Akanywa hayo hayo, kabla ya mimba na wakati wa mimba.

Pale hospitali aliinamisha uso, hakunisema. Na wewe ulipomlaumu, angeweza kukujibu kwa neno moja tu, akalimeza. Mtoto wangu akinyonya anatoka jasho na kuchoka, na mama yake amebeba lawama yangu mgongoni pamoja naye.

Kesho naenda kwao kuomba msamaha na kumrudisha. Kisha tutakwenda wote kwa daktari nimwambie ukweli. Ukitaka kuulaumu ukoo, anza na wetu.

Nisalimie mdogo wangu Lugano, na mke wake Neema uliyempokea mwezi jana. Nafurahi kusikia anakuchotea maji kila asubuhi bila kuchoka.

Mama, madumu yalikuwa mawili. La pili ni lile nililokuletea Pasaka. Usilioshe tena, litoboe leo. Usingoje Neema akwambie ana mimba.

Ni mimi mwanao,
Gwamaka