Mrututu Mferejini

Jumatatu, 5 Februari 1912

Leo Bwana Rottmann kapiga teke pipa la unga. Ule unga mweupe wa kuulia uchafu kwenye birika lao la kuogelea — klorini, wanauita. Bibi katoka majini macho mekundu, watoto wanakohoa mpaka wanatapika. Na mimi ndiye yaya, basi lawama zangu! Eti niliwaacha majini muda mrefu. Nani aliyewachimbia birika? Mimi?

Bwana kasema unga huo basi, hautaki tena. Atatafuta dawa nyingine. Bila dawa maji yanaota ukijani upesi, kwa jua hili.

Na maji yenyewe ni ya mfereji wetu! Wakilijaza birika, huku chini kunakauka. Wakilifungulia, uchafu wao unarudi mferejini na kuwashukia watu — mdogo wangu Nkasiogi na majirani zake wote. Kiangazi, maharage yanakufa shambani, na wao wanapiga mbizi.

Alhamisi, 8 Februari

Dawa ya kwanza: zile chembe za zambarau za kuoshea vidonda. Bwana kamwaga kopo zima. Asubuhi maji kama divai ya kanisani, mchana kahawia kama tope. Watoto wametoka na miguu ya kahawia. Bibi kapiga yowe! Nguo zake nyeupe za kuogea — zimekwisha.

Nani wa kusugua? Mimi. Kwa malimau, mpaka vidole vimechubuka.

Sadoki, mtunza birika, kapita anacheka. Nikamwambia cheka tu, kesho utasugua wewe. Akasema yeye kazi yake kumwaga anachoambiwa amwage, ana watoto wa kulisha, hataki maneno na Mzungu. Mwoga! Kanisani anakaa benchi la mbele, anaimba kushinda wote. Hapa, ndiyo Bwana, ndiyo Bwana.

Jumatatu, 12 Februari

Sasa ni mrututu. Ule wa buluu, anaonyunyizia kahawa. Nani asiyeujua? Mama alituchomea vidonda nao, tukalia hadi sauti zikakauka. Huo ndio wa kuogea!

Kwanza Bwana alisema kidogo tu. Sadoki akaufunga kwenye kitambaa, akauburuta majini huku na huku. Jana bado kona zina ukijani. Bwana akaongeza. Leo kaongeza tena, bakuli zima, hakungoja hata uyeyuke. Umelala chini, buluu.

Lakini maji yamekuwa safi, lazima niseme kweli. Unaona mpaka sakafu. Bibi kapiga makofi, hakuna harufu, macho hayawashi.

Vyura wote wamegeuka matumbo juu. Nimewaokota kwa ungo ili watoto wasiwaone.

Alhamisi, 15 Februari

Sijui nianzie wapi.

Jana jioni Bwana kafungua koki ya birika, kapunguza nusu ya maji. Leo Lekishon, mume wa Nkasiogi, kaja mpaka uani kwa Wazungu. Hajawahi kuja. Kondoo dume amekufa. Yule waliyemtoa Kisongo, waliyemnenepesha miezi yote kwa ajili ya Nkasiogi akijifungua, apate mafuta ya kumrudishia nguvu. Kinyesi chake kijani kama rangi. Wana-kondoo nao wamelala, hawasimami.

Nikamwuliza, na Nkasiogi? Akasema ametapika tangu alfajiri, maji yana ladha ya chuma. Na tumbo lile kubwa!

Nimemwambia asinywe tena. Akaniuliza anywe nini.

Ijumaa, 16 Februari

Nimesema. Mbele ya Bibi, mbele ya Bwana, chai ikiwa mezani.

Bibi akanitazama kwa huruma, akasema labda kondoo wamekula majani mabaya. Bwana akacheka. Akachukua kikombe, akatuita wote, mimi na Sadoki na mpishi, tumfuate. Akachota maji mferejini, akanywa mpaka mwisho, akajipangusa masharubu.

"Mmeona? Mimi nimekufa?"

Alichota kule JUU, kabla ya birika! Maji yanayotoka mlimani!

Nikasema, "Bwana, hayo ni ya juu. Chota ya huku chini, unywe."

Mpishi akatazama viatu vyake. Bwana akakitazama kikombe, akanipa.

"Wewe Lydia, kazi yako watoto. Ukisema tena neno la maji, utakwenda kulisema Boma, kwa askari."

Nimekiosha kikombe. Nilitaka kukivunja. Nimekiosha.

Sadoki alinikuta jikoni, akaninong'oneza kwamba kesho kutwa wageni wanakuja kutoka Moshi, birika litamwagwa lote kesho na kujazwa upya. Na ule mrututu uliolala chini? Nao. Utafagiwa utoke wote.

Nikamwambia, usifungue. Akasema, dada, mimi nina watoto. Nikamwambia Nkasiogi naye atakuwa na mtoto, akiachwa hai. Akaondoka.

Jumamosi, 17 Februari

Uchungu umemshika Nkasiogi usiku. Jirani yake kapita kunipa habari. Wanawake wako naye, wanateka maji mferejini tangu kulipokucha — ya kunywa, ya kumwoshea mtoto. Leo! Katika siku zote, leo!

Lekishon kawafuata wazee wa mfereji, wale wanaogawa maji, waje wote kwa pamoja wasimame mbele ya Bwana. Hawajafika.

Kwa hiyo nimeuchukua mkono wa koki. Ule wa chuma — bila huo birika halifunguki. Niliutoa Bwana akinyoa ndevu. Nikageuka, Sadoki yuko nyuma yangu na ufagio. Akainama kufagia. Nikaufunika kwa kanga nikapita.

Uko hapa, chini ya godoro la watoto. Wao wanacheza, mimi naandika ili nisipige kelele.

Bwana anautafuta. Kapindua stoo. Sasa anamwuliza Sadoki, nasikia kila neno. Nani aliingia birikani asubuhi? Wewe ndiye mwenye kuutunza! Umeuuza?

Wanyapara wawili wameleta kiboko.

Nikiutoa, maji yanashuka kwa Nkasiogi. Nisipoutoa, yule pale atapigwa kwa ajili yangu. Mungu, wako wapi hao wazee?

Nimefungua dirisha. Sadoki kavuliwa shati. Ameinua kichwa, ameniona. Amenitazama hasa.

Bwana kamwuliza tena.

"Sijui, Bwana," kasema Sadoki. Kwa sauti ile ya kanisani. Na amelala chini mwenyewe kabla hawajamshika.