Namba Uliyoitambua kwa Sura

Yeyo, mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua huko uliko bado unauliza nani kakamua na nani kalala bila kunawa miguu. Sote wazima, ila mdogo wangu bado anajifanya mkubwa wangu.

Leo nimekukumbuka nikacheka peke yangu. Unakumbuka enzi za Wajerumani, nilipoanza shule ya misheni, nikasimama mlangoni pa zizi letu kule Sekei nikawanyooshea ndama kidole: mmoja, wawili, watatu? Lo! Ulikichapa kidole kile hadi kikawaka moto. "Unataka wafe? Mifugo haihesabiwi!" Ukaapa kwamba shule basi, kesho nishike jembe migombani. Nililia, Yeyo. Shule niliipenda kuliko maziwa.

Lakini kazi ya mwalimu nilikuwa nayo bado, nami ni mkaidi kama wewe. Nikakaa na kibao changu jikoni. Alikuwa ametupa namba moja kubwa, 142857, tuizidishe kwa mbili, kwa tatu, mpaka kwa sita. Nikapata 285714. Nikapata 428571. Nikafuta machozi nikaendelea: 571428, 714285, 857142. Na usomi wangu wote sikuona kitu.

Wewe ukainama begani kwangu, kibuyu mkononi. Kusoma hujui. Ukakitazama kibao kama unavyotazama ng'ombe wakirudi jioni, sura kwa sura.

"Mbona ni wale wale?" ukasema. "Huyu wa shingo, huyu wa matumbo mawili, huyu fimbo. Hakuna aliyepotea. Anayetangulia ndiye anayebadilika."

"Acha utani, Yeyo!"

Nikakagua. Kumbe kweli! Walikuwa wakizunguka tu, na kila mmoja akimfuata yule yule.

Kwa tamaa nikazidisha kwa saba. Zikatoka tisa tupu, 999999. Ukaruka: "Hawa si wetu! Nirudishie wangu!" Tulicheka mpaka maziwa yakamwagika. Kisha ukasema, "Hii si kuhesabu, hii ni kuchunga. Kesho nenda shule. Ila ndama wangu usiwanyooshee kidole."

Nikaenda, na sasa mwalimu ni mimi. Watoto nawapa namba yako, na wakifika saba darasa zima hupiga kelele, "Hawa si wetu!"

Jumapili tulikusanyika kwako, wanao na wajukuu, tunywe maziwa ya mgando. Mtu akauliza tuko wangapi. Hakuna aliyethubutu kuhesabu. Nilisimama mlangoni nikatazama sura kwa sura, na papo hapo nikamjua asiyekuwepo. Moyo uliniuma, sikufichi. Kibuyu kilikuwa pale pale, na wote wakimngoja wa kumimina kwanza, kazi yako ile.

Basi, Yeyo, nikakishika. Nikatangulia mimi.

Pumzika vyema.

Kifungua mimba wako, mwenye kile kidole