Sabini na Moja

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Sijamwambia mtu yeyote. Si Mama, si rafiki yangu Beatrice, si hata Mungu kwa sauti — Yeye anajua mwenyewe. Akili zangu mimi ni sabini na moja.

Si utani. Zilipimwa. Nilikuwa darasa la pili, Mei 2017. Alikuja mtaalamu, mama mmoja wa miwani, akatuita mmoja mmoja maktaba. Picha, vibao vya kupanga, maana za maneno — yote kwa Kiingereza. Kiingereza changu kilikuwa cha mwaka mmoja na nusu! Kabla ya hapo nilikuwa kijijini Ziwani kwa bibi, nasoma kwa Kiswahili, mpaka Mjomba Ramadhani wa bandarini aliposema atanisomesha shule ya Kiingereza mjini. Basi nikakaa mbele ya yule mama kama gogo.

Baadaye tukapewa bahasha za wazazi. Mwalimu akaniambia, mwambie mama yako aje. Kuitwa mzazi! Nikajua nimefanya kosa. Sikuipeleka. Niliifungulia chooni, nikaona 71. Nikafurahi! Nilidhani ni maksi, sabini na moja kwa mia.

Darasa la tano ndipo nilipoweza kuisoma yote. Yuko chini ya wastani. Anaelewa polepole. Mzazi asitarajie makubwa.

Bahasha iko kwenye mfuko wangu wa zamani wa madrasa. Kidato cha pili nilipata divisheni wani, watu wakapiga vigelegele. Mimi nilijua ni kukariri tu. Darasani sinyooshi mkono. Ukinyamaza hawakugundui.

Jumanne, 5 Agosti

Leo nusura nife. Mwalimu Martha, yule mgeni wa ushauri nasaha aliyehamia kutoka Iringa, kaandika ubaoni: AKILI NI NINI?

Paulo kasema hesabu. Esta kasema kushika haraka. Athumani kasema ni kujua kuishi na watu, eti bibi yake hajui kusoma lakini ugomvi wa ukoo mzima unaishia mkekani kwake. Beatrice naye: "Akili ni kufanya kosa usikamatwe!" Darasa likavunjika mbavu.

Mwalimu kasema msicheke, hata wanasaikolojia wenyewe hawajakubaliana. Wapo wanaosema kuna nguvu moja nyuma ya zote, maana anayejua maneno mengi mara nyingi na maumbo anayapanga vizuri. Wengine wanasema ni uwezo mwingi, kila mmoja na njia yake. "Lakini kupima, wanapima!"

Kaacha sanduku la maswali. Huandiki jina. Nimeandika kwa mkono wa kushoto, mwandiko usijulikane: Mtu akipimwa akakuta 71, inaweza kupanda?

Alhamisi, 7 Agosti

Mwalimu kalisoma swali langu. Mbele ya darasa zima!

Beatrice kapiga kelele, huyo wa sabini na moja ajitokeze tumchangie tuisheni. Wakacheka. Na mimi nikacheka. Naandika hapa ili nisijidanganye: nilicheka kuliko wote.

Mwalimu Martha hakucheka. Kasema huyu kauliza kitu cha maana kuliko wote. Ile namba si kama lita za maji kichwani. Ni nafasi kwenye foleni. Wanakupanga na wenzako wa umri wako, wa katikati anaitwa mia, halafu wanaangalia umesimama wapi. Kwa hiyo uliza kwanza: foleni ya nani? Kwa lugha gani? Siku hiyo ulikuwaje? Zamani walikuwa wanagawa tu — umri wa akili gawa kwa umri wa kuzaliwa, mara mia — na wapo ambao bado wanagawa hivyo. "Na umri ukikosewa," kasema, "namba yote imekosewa."

Barua yangu imeandikwa hivyo hivyo! Umri wa akili: miaka 6 na miezi 6. Umri: miaka 9 na miezi 2. Nimegawa. Miezi 78 kwa miezi 110. Sabini na moja, ukikadiria.

Basi. Hesabu yao haina kosa. Nimefunga daftari la hesabu.

Ijumaa, 8 Agosti (Nane Nane, hakuna shule)

Naandika mbio mbio, nisisahau neno hata moja.

Mama alikuwa barazani na cherehani yake, anampima Mama Anold gauni. Mama Anold ni jirani yetu hapa Rahaleo, mtu wa Bukoba, haachi kitu kipite. Kaniangalia, kasema: "Mama Rukia, huyu miaka kumi na saba mbona kiuno cha mtoto? Humlishi?"

Mama, na pini zake mdomoni: "Kumi na saba za makaratasi hizo, shoga yangu! Huyu nimemzaa wiki ile wanafungua Daraja la Umoja. Redio nzima daraja, daraja, na mimi huku nasukuma."

Wakacheka. Mimi nilikuwa naosha vyombo. Sufuria ikaniponyoka.

Daraja la Umoja! Lile la Ruvuma, la kwenda Msumbiji. Tumelisoma. Lilifunguliwa Mei 2010. Cheti changu kinasema Machi 2008.

Siku ile kwenye maktaba sikuwa na miaka tisa. Nilikuwa nimetimiza saba juzi yake!

Miezi 78 gawa kwa 84. Nimerudia mara nne, mara ya mwisho kwa kikokotoo cha simu ya Mama. Tisini na mbili nukta nane. Tisini na tatu!

Nimeketi sakafuni. Nimecheka peke yangu hadi machozi. Nilisimamishwa kwenye foleni ya watoto wa miaka tisa, kwa Kiingereza, na sikuwa wa mwisho. Mimi ni wa kawaida! Hakuna neno tamu kama kawaida.

Jumamosi, 9 Agosti

Sijasema. Mama kaniuliza mbona leo naimba. Sikujua kama naimba.

Jumapili, 10 Agosti

Nimesema.

Nilimkuta Mama anatia uzi kwenye sindano. Nikamwekea ile barua mapajani, nikarudi nyuma hatua mbili. Kiingereza hakijui, kwa hiyo ilibidi nimsomee mimi mwenyewe, neno kwa neno. Kila nikisita anauliza, hapo wanasemaje? Wanasema mimi mzito, Mama. Na hapo? Wanasema usitarajie makubwa.

Akaikunja barua. Halafu: "Miaka minane umenificha barua?"

Ndiyo, Mama.

"Na ulikuwa unaamini?"

Nikamwambia kuhusu daraja, na kugawa, na tisini na tatu. Kaweka sindano chini. Kaeleza. Mwaka nilipoandikishwa shule bibi alikuwa mgonjwa, hakuna wa kunitazama mchana. Shule ya Ziwani haikuchukua mtoto chini ya miaka saba. Mjomba akaenda kuapa kwamba ninayo saba, cheti kikatoka hivyo. Nilikuwa na mitano.

"Ulikuwa unahesabu mpaka mia," kasema. "Unawatuma watoto wakubwa dukani na unawahesabia chenji. Nikamwambia kaka, huyu ana akili, ataweza. Ndiyo maana nikakuongeza miaka. Ungekuwa mjinga ningekuacha nyumbani."

Nikalia. Akalia. Kisha akanifinya mkono, kweli kweli, alama ipo. "Umenificha barua. Na mimi nimekuficha miaka miwili. Tusidaiane."

Jumatatu, 11 Agosti

Asubuhi nilikwenda ofisini kwa Mwalimu Martha na barua. Peke yangu! Nikamwambia ni mimi, 71, ila sasa ni 93. Kaisoma yote. Kasema hesabu yangu nzuri, lakini nisitoke jela ya sabini na moja nikahamia jela ya tisini na tatu. Kasema mtoto aliyepimwa kwa lugha asiyoijua, walichopima zaidi ni Kiingereza chake. Kasema pia kama tunataka kurekebisha cheti, tufanye mapema kabla sijasajiliwa mtihani wa kidato cha nne.

Jioni hii Mjomba Ramadhani kaja. Wako sebuleni, nawasikia toka chumbani kwangu.

Mjomba: Asha, mimi ndiye niliyeapa. Leo nirudi niseme niliapa uongo? Mama: Kaka, mtoto kabeba mzigo wetu. Mjomba: Na wakikataa? Wakivuruga majina yake, akakosa mtihani? Mama: Sijui. Kijiko cha Mjomba kinazunguka kikombeni. Yeye akishaamua huwa imeisha, hata Mama hapingi.

Kisha Mjomba: "Mwenyewe anasemaje?"

Mama kasema, hatujamuuliza.

Kiti kimesukumwa. Nyayo. Si za Mama, Mama anaburuta kandambili. Viatu hivi. Nimefunika ukurasa kwa kiganja — wino mbichi, naharibu — nimeondoa kiganja. Zimefika mlangoni. Zimesimama.

Anapiga hodi! Mjomba, kwangu mimi, hodi —