Namba Arobaini na Sita

Kaka,

Huku hatujambo, mama anakusalimu. Paa la jikoni tumeliziba.

Ile mashine ya kuita wagonjwa uliyoifunga hospitali inachapa kazi kwelikweli. Nesi aliyekuwa akimgusa baba begani zamu yake ikifika ameachishwa kazi. Jumatatu baba alikaa kwenye benchi tangu asubuhi, kifua kimembana, tiketi mkononi. Mashine ikaita namba arobaini na sita mara tatu, kisha ikamfuta kwenye orodha, eti hakufika. Saa nane mfagizi alimkuta ameshapoa.

Ulijua baba ni kiziwi, na bado ukairekodi sauti yako ndiyo iite wagonjwa.

Usijisumbue kuja, tumeshazika.

Mama hajui ile sauti ni ya nani. Kesho nampeleka hospitali hiyohiyo kupima presha. Yeye anasikia vizuri.

Dada yako